Kwenda kuona maporomoko ya Karuru, Aberdare: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Njia ya miguu ya kwenda kuyatazama maporomoko ya Karuru ni fupi, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Hupanga safari kwa kuangalia urefu wa njia, ilhali kinachoamua siku yako ni barabara ya kufika huko, saa utakayoingia langoni, na hali ya hewa ya mahali palipo juu sana kuliko Nairobi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na marafiki na jamaa wanaotaka kupanda milima ya Nyandarua kwa siku moja. Pale ambapo jibu la neno moja lingeweza kukupotezea safari, nimejibu kwa kirefu.

Karuru iko wapi, na kwa nini watu wanaisifu hivyo?

Iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Aberdare, katikati ya Kenya, kwenye safu ya milima ambayo wenyeji wanaijua kwa jina la Nyandarua. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1950, ina kilomita za mraba 766, na inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Mto Karuru huanzia juu kabisa, kwenye uwanda ulio wazi wa nyasi na vichaka vya milimani viitwavyo erika. Ukiuona huko juu utadhani ni kijito tu. Kisha ardhi inakatika ghafla, na maji yanaanguka kwa ngazi tatu: ya kwanza mita 117, ya pili 26, ya tatu 130. Jumla ni mita 273, na ndiyo maana Karuru hutajwa mara nyingi kuwa maporomoko marefu kuliko yote Kenya. Ngazi ya kwanza peke yake inalishinda jumba la KICC la Nairobi kwa kimo. Ng'ambo ya bonde hilo hilo, Mto Gura nao unaruka kutoka kwenye genge lake. Yaani unasimama mahali pamoja na kuona mito miwili ikishuka katika korongo moja lililofunikwa na msitu. Nimezunguka sehemu nyingi za Mlima Kenya na Kilimanjaro, na bado sijaona mandhari yanayopatikana kwa kutembea kidogo hivi yakawa na ukubwa huu.

Matembezi yenyewe huchukua muda gani?

Kutoka mahali pa kuegesha gari hadi jukwaa la kwanza la kutazamia ni mwendo wa dakika chache. Ukiendelea kushuka hadi jukwaa la chini, utembee taratibu, usimame kupiga picha na kupumua vizuri wakati wa kupanda tena, tenga muda wa saa moja hadi moja na nusu. Njia ina ngazi na sehemu za udongo mtupu, na karibu siku zote ina unyevu.

Wengi hupiga picha kwenye jukwaa la kwanza na kugeuza. Nakusihi usifanye hivyo. Pale juu unaona maji yakiondoka, huyaoni yakianguka. Ni ukishuka ndipo ngazi ya kwanza ya maporomoko inapojifunua yote, na ndipo unapoanza kuelewa kina cha bonde.

Naweza kushuka hadi chini kabisa, yanapoangukia maji?

Hapana, si kwa matembezi haya. Chini ya majukwaa ni genge na msitu mzito wa mianzi usio na njia ya wageni. Mawe ya ukingoni yamefunikwa na kuvu na ukungu wa maji huyalowesha kutwa nzima. Usivuke vizuizi vya majukwaa kwa sababu yoyote ile, hata kama umeona picha ya mtu aliyevuka. Kama shauku yako ni kusimama karibu na maji, soma jibu kuhusu Chania na Magura hapo chini.

Mwezi gani ni mzuri?

Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipendekeza kwanza. Mvua ni kidogo, barabara zimekauka, na asubuhi anga huwa safi kiasi kwamba ukiwa kwenye uwanda wa juu unaweza kuuona Mlima Kenya upande wa mashariki. Maji hupungua kidogo kwenye maporomoko lakini hayakatiki.

Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hujaza mito na kuyafanya maporomoko yatishe kwa uzuri, ila ndizo zinazoharibu barabara. KWS huweza kufunga baadhi ya barabara za hifadhi wakati huo. Mvua za vuli huja Oktoba na kuendelea hadi Desemba mwanzoni. Nyandarua hailoi sawasawa pande zote: miteremko ya kusini-mashariki hupokea mvua nyingi sana, hata mara tatu ya ile ya kaskazini-magharibi. Kwa hiyo usishangae ukitoka Naivasha kwenye jua kali na kukuta matope upande wa Nyeri.

Julai na Agosti zina utata wake. Mvua kubwa hakuna, lakini ni msimu wa baridi ambao watu wa Kenya ya Kati huuita gathano, mawingu yakilala juu ya vilima siku nzima. Unaweza kubahatika kupata anga wazi, unaweza pia kukaa jukwaani ukisikia mngurumo bila kuona tone. Nafasi nzuri zaidi, baada ya Januari na Februari, ni Septemba.

Na saa ngapi ni bora kufika?

Asubuhi. Kama kuna jambo moja tu utakalolishika katika maelezo haya yote, liwe hili. Jua likishapasha joto msitu wa chini, hewa yenye unyevu hupanda kufuata korongo, ikifika juu inapoa na kuwa wingu, na wingu hilo hulala papo hapo mbele ya jukwaa. Mara nyingi kufikia saa sita mchana bonde limeshafunikwa, na alasiri huja mvua, wakati mwingine na radi. Lenga kuwa jukwaani kabla ya saa nne asubuhi.

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Anayeamka Nairobi saa mbili, akanywa chai kwa raha, akajaza mafuta Thika, atafika kuona ukungu.

Niingilie lango gani?

Kuna mawili yanayofaa kwa safari hii. La mashariki ni Kiandongoro, linalofikiwa kutoka mji wa Nyeri. Nairobi hadi Nyeri ni kama kilomita 150 kwa barabara ya Thika, kupitia Kenol, Sagana na Karatina. La magharibi ni Mutubio, linalofikiwa kutoka nyanda za Kinangop kupitia Ndunyu Njeru. Ukitokea Nairobi unaweza kuiacha barabara ya Nakuru pale Flyover na kupita Njabini na Engineer, au ukapanda kutokea Naivasha.

Malango haya mawili yameunganishwa na barabara inayopasua hifadhi juu kwa juu, na Karuru iko pembeni mwa barabara hiyo. Upande wa Kiandongoro ndio rahisi kwa anayekuja mara ya kwanza. Upande wa Mutubio una mandhari ya kupendeza sana ya Bonde la Ufa unapopanda, lakini mteremko wake ni mkali na dereva asiye na uzoefu atatoka jasho. Kama dereva wako ni mzuri na hali ya hewa imekaa sawa, ingia lango moja utokee lingine. Hapo utakuwa umeivuka Nyandarua kutoka Bonde la Ufa hadi Nyeri kwa siku moja, ukipita msitu wa mianzi, uwanda wa juu, kisha msitu tena.

Kuna mpango wa serikali wa kuweka lami barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru kupitia hifadhini. Umeleta mvutano mkubwa kati ya wanaotaka njia fupi ya kufikisha mazao sokoni na wanaohofia tembo, msitu na vyanzo vya maji, na suala hilo limefika mahakamani. Mimi niko upande wa msitu, lakini mkulima wa Kinangop ambaye kabichi zake zinaoza akizunguka mlima mzima ana haki ya kusikilizwa.

Gari dogo la kawaida litafika?

Usijaribu. Unahitaji gari lililoinuka, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na dereva anayejua kulitumia. Barabara za ndani ni za udongo na changarawe, zina kona kali na vilima virefu, na mvua ya nusu saa inatosha kuugeuza udongo ule kuwa utelezi mtupu. Gari dogo likikwama huko hakuna fundi wa jirani wala bodaboda wa kukuokoa. Tembo na nyati ndio majirani.

Jaza tangi kabla hujauacha mji. Beba tairi la akiba lililojaa upepo, jeki, kamba ya kuvutia na jembe dogo au sepetu.

Sina gari. Nifanyeje?

Matatu za Nairobi kwenda Nyeri ni nyingi kuanzia alfajiri. Ukifika Nyeri, kodi gari la fobaifo, yaani linalovuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na dereva wake kwa siku nzima, mkubaliane bei kabla ya kuondoka na uulize waziwazi kama bei hiyo inajumuisha mafuta na kiingilio cha gari. Mkiwa wanne au watano gharama inakuwa nafuu. Njia nyingine ni kujiunga na moja ya vikundi vya kupanda milima vya Nairobi vinavyopanga safari za mwisho wa wiki. Bodaboda itakufikisha langoni tu, usiitegemee zaidi ya hapo. Na kwa kuwa alfajiri ndiyo ufunguo wa safari hii, anayetumia matatu afadhali alale Nyeri usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Kiingilio kinalipwaje?

Kwa mtandao, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Fedha taslimu hazipokelewi langoni. Unaweza kulipa kwa M-Pesa au kadi. Viwango hutofautiana kwa raia, wakazi na wageni wa nje, watu wazima na watoto, na gari hulipiwa peke yake. Bei hubadilika, kwa hiyo angalia siku chache kabla. Lipa ukiwa nyumbani na uhifadhi risiti kwenye simu, kwa sababu mtandao malangoni haueleweki. Beba kitambulisho: anayedai kiwango cha raia bila kitambulisho atachelewesha gari zima.

Kuna wanyama hatari? Nahitaji askari?

Wapo. Tembo, nyati, chui na fisi wote wanaishi Aberdare. Simba pia wamo, ingawa kuwaona ni nadra. Anayenitia wasiwasi zaidi ni nyati, hasa dume mzee aliyejitenga na kundi. Hujilaza kwenye vichaka vya erika na hasikiki mpaka umemkaribia.

Eneo la kutazamia Karuru ni mojawapo ya mahali ambapo wageni huruhusiwa kushuka garini. Hata hivyo, ukifika kwanza tulia garini kidogo, tazama huku na huku, kisha shukeni pamoja. Tembeeni mkiongea kwa sauti ya kawaida ili mnyama awasikie mapema aondoke. Muziki wa spika hapana: unawanyima wengine mngurumo wa maji waliousafiria. Mkikuta kinyesi kibichi cha nyati au matawi yaliyovunjwa sasa hivi, rudini garini.

Ukitaka kutembea zaidi ya njia ya majukwaa, kwa mfano kwenye uwanda wa juu au kando ya mto, omba askari wa KWS mwenye silaha langoni, na uombe mapema, maana idadi yao ni ndogo. Hata kwa Karuru peke yake mimi napenda kwenda na askari. Wengi wao ni watu wa huku huku, wanajua ndege, wanajua mimea, na watakuonyesha nyayo ambazo wewe ungezikanyaga bila kuziona.

Mimi ni wa Mombasa. Mwinuko utanisumbua?

Huenda ukausikia. Kwenye mita 3,000 kila pumzi unayovuta ina takriban asilimia 70 ya oksijeni ambayo ungeipata ufukweni. Ukipanda ngazi utahema kuliko kawaida, na moyo utaenda mbio. Hilo ni jambo la kawaida na halina haja ya kukutia hofu. Pumzika, endelea.

Kinachotakiwa kuangaliwa ni kichwa kinachouma na kuzidi, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida. Ugonjwa wa mwinuko unaweza kuanza kumpata mtu kuanzia mita 2,500 hivi, na haujali umri wala mazoezi: kijana wa mpira anaweza kuugua huku mama yake akiwa mzima. Dawa yake ya kwanza ni kushuka. Uzuri wa safari hii ni kwamba gari liko karibu, na kwa kawaida hali hutulia ukishashuka hadi Nyeri. Atokaye pwani au Dar es Salaam afadhali alale usiku mmoja Nairobi au Nyeri kabla ya kupanda, anywe maji ya kutosha na aache pombe. Mwenye ugonjwa wa moyo au pumu kali, na mjamzito, aongee na daktari wake kwanza.

Nivae nini?

Joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi kila unapopanda mita 1,000. Nairobi ikiwa na nyuzi 24, juu huko tarajia 15 au 16 wakati jua limetoka, na pungufu zaidi wingu likifunika na upepo ukianza. Usiku hufikia baridi ya kugandisha umande.

Vaa nguo kwa tabaka: fulana nyepesi ndani, sweta la sufi au la manyoya juu yake, na koti la mvua lisilopitisha maji juu ya yote. Jinzi ni mbaya, kwa kuwa ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Kofia ya sufi na glavu zitakufaa asubuhi. Viatu viwe na soli yenye meno. Kama huna viatu vya milima, gambuti za shambani zinafaa kabisa kwa njia hii fupi, na ni nafuu sokoni. Beba soksi kavu. Jua nalo lisikudanganye kwa sababu ya baridi: juu huko linaunguza ngozi haraka, kwa hiyo mafuta ya kujikinga na kofia yenye ukingo havikosi.

Nibebe chakula gani?

Hakuna duka wala kibanda ndani ya hifadhi. Mayai ya kuchemsha, chapati, nduma, viazi vitamu, ndizi na njugu vinatosha. Chupa ya chai moto ya tangawizi ni ya lazima kwa maoni yangu. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu.

Kumbuka kwamba tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi zote za Kenya: chupa za maji za dukani, sahani, vikombe, vijiko na mirija ya plastiki. Tumia chupa ya chuma au ya kudumu. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchini kote mwaka 2017. Kila ulichoingia nacho toka nacho, pamoja na maganda ya ndizi na ya mayai. Na usile ukiwa umeuacha mlango wa gari wazi pale penye nyani.

Watoto na wazee wanaweza?

Ndiyo, hadi jukwaa la kwanza bila shida kubwa. Mtoto mdogo ashikwe mkono muda wote. Bibi na babu watembee kwa kasi yao, wakiwa na fimbo, na awepo kijana wa kurudi nao wengine wakiendelea kushuka. Kwa kiti cha magurudumu njia haifai, nami nasikitika kulisema hilo, kwani ingewezekana kutengeneza angalau jukwaa moja linalofikika.

Njiani nitaona nini?

Hapa ndipo ningekuomba usikimbie. Unapopanda kutoka langoni unapita msitu wa mvua, halafu mianzi inayofunga barabara pande zote, halafu miti ya hagenia yenye magome mekundu na ndevu za kuvu zinazoning'inia, na mwisho unatokea kwenye uwanda wazi ambapo nyasi zimeota mafundo mafundo na erika zimekuwa kama miti.

Kwenye uwanda huo tafuta lobelia na senecio, mimea mikubwa ya ajabu inayopatikana kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki. Watu husema kweli kwamba huko juu kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe, na mimea hii imejifunza kuishi hivyo. Senecio haiangushi majani yake makavu: huyaacha yamezunguka shina yakawa blanketi. Lobelia aina ya deckenii hukusanya maji katikati ya majani yake; usiku maji hayo huganda juu tu, na barafu hiyo nyembamba hukinga chipukizi lililo ndani. Majani yenyewe hujifunga giza likiingia na kufunguka asubuhi. Ukifika mapema utayakuta bado yamejikunja.

Kwenye maua ya lobelia utaona chozi, ndege wadogo wa rangi ya kijani inayometameta. Kwenye nyasi huwa kuna pofu, ambao ni swala wakubwa, na mondo, paka wa mwituni. Aberdare inajulikana kwa mondo weusi kabisa, na ukimwona mmoja akivuka barabara alfajiri umepata zawadi. Bongo, swala mkubwa wa msituni mwenye mistari myeupe, bado yumo lakini ni nadra mno. Mbega weusi kwa weupe utawaona chini, msituni.

Kuna maporomoko mengine karibu?

Mengi. Chania ni mafupi kuliko Karuru lakini unaweza kuyasogelea, yakikurushia manyunyu usoni. Magura yana pango nyuma ya pazia la maji, linaloitwa Queen's Cave. Gura ni ya kutazamwa kwa mbali ukiwa Karuru, na mto wenyewe una sifa ya kuwa miongoni mwa mito yenye kasi zaidi Afrika. Kwa siku moja chagua Karuru na mengine mamoja tu. Anayetaka kuyamaliza yote huishia kuona barabara.

Naweza kulala huko juu?

Ndiyo. KWS ina nyumba za kujihudumia karibu na Kiandongoro, zinazojulikana kama Fishing Lodge, kwa kuwa mito ya huku ina samaki aina ya trauti. Zina sehemu ya kuwasha moto, na utauhitaji. Kuna pia maeneo ya kupiga kambi. Agiza mapema kupitia KWS, hasa wakati wa Pasaka na Desemba. Faida yake ni kubwa: ukilala ndani, saa moja asubuhi uko jukwaani na bonde lote ni lako.

Kuna historia gani hapa?

Ukisimama jukwaani, msitu ulio mbele yako ni ule ule uliowaficha wapiganaji wa Mau Mau, waliopinga utawala wa kikoloni wa Waingereza. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, maelfu waliingia Nyandarua na kuishi humu kwa miaka, wakila asali, nyama ya porini na chakula kilichopenyezwa usiku na akina mama wa vijijini. Kiongozi wao Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 pembezoni mwa msitu huu, upande wa Nyeri, na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Baridi utakayoilalamikia kwa saa moja ukiwa na koti na chai ya moto, wao waliilalia bila blanketi la kutosha. Wazee wachache waliobaki Nyeri na Murang'a bado wanayataja mabonde haya kwa majina. Ukimpata mmoja wa kukusimulia, kaa chini usikilize.

Jina la Aberdare lilitolewa na msafiri Joseph Thomson alipopita hapa miaka ya 1880, kwa heshima ya bwana mmoja wa Uingereza aliyekuwa rais wa chama cha kifalme cha jiografia. Hoteli ya Treetops, ambako Elizabeth wa Uingereza alikuwa amelala Februari 1952 baba yake alipofariki naye akawa malkia, iko chini mashariki mwa hifadhi hii.

Uzio wa umeme ninaopita langoni ni wa nini?

Ni kazi kubwa iliyofanywa na wananchi, KWS na taasisi ya Rhino Ark. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa lengo la kuwalinda vifaru weusi dhidi ya majangili, ukakamilika mwaka 2009 ukiwa na urefu wa takriban kilomita 400 kuuzunguka mlima. Kwa mkulima wa mpakani maana yake ni kwamba tembo hamalizi tena mahindi yake usiku mmoja. Usiuguse.

Maji haya yanaelekea wapi?

Karuru inaingia Gura, Gura inaungana na Chania ya Nyeri, na yote yanaishia Mto Tana. Tana ndiyo inayojaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanayozalisha sehemu ya umeme wa nchi, kisha inateremka Garissa na Hola hadi Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, yanayoinywesha Nairobi, nayo yanalishwa na mito ya safu hii. Ndiyo maana moto wa sigara iliyotupwa kwenye nyasi kavu mwezi Februari si kosa dogo. Usiwashe moto mahali popote pasipotengwa.

Droni zinaruhusiwa?

Bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga na cha KWS, hapana. Iache nyumbani. Kwa kamera, beba kitambaa cha kufutia kioo.

Simu inashika?

Kwa bahati, mahali na mahali. Pakua ramani kabla ya kuondoka. Mwambie mtu wa nyumbani lango mtakaloingilia na saa mnayotarajia kutoka, na uandike namba ya simu ya lango. Beba sanduku dogo la huduma ya kwanza, tochi, na betri ya akiba ya simu, maana baridi humaliza chaji haraka.

Nipe ratiba ya siku moja kutoka Nairobi.

Ondokeni saa kumi alfajiri. Mtafika Nyeri kabla ya saa moja na nusu: jazeni mafuta, tumieni choo, nyweni kitu cha moto. Saa mbili na nusu hivi muwe Kiandongoro, na msikae sana langoni kwa kuwa mmeshalipa. Endesheni polepole, mkisimama kwa wanyama tu. Karuru kabla ya saa nne. Shukeni hadi jukwaa la chini kwanza, wakati bonde liko wazi. Jukwaa la juu mtaliona mkirudi. Saa tano na nusu kuleni, kisha nendeni Chania kama mvua haijaanza. Saa nane geuzeni, hata kama anga bado ni safi, ili barabara ya udongo muimalize mchana na lango mlipite kabla ya saa kumi.

Nikifika nikute ukungu umefunika kila kitu?

Ngoja nusu saa. Upepo hubadilika ghafla juu huko, na pazia linaweza kufunguka kwa dakika tano kisha likafunga tena, kwa hiyo kaa jukwaani na kamera tayari, usirudi garini. Kama mvua imeanza kunyesha kweli kweli au unasikia radi, ondokeni mara moja, kwa kuwa barabara ndiyo itakayowanasa. Kama mmelala Nyeri mnaweza kulipa tena na kupanda alfajiri inayofuata, nami nimeona watu wengi wakifurahia siku ya pili kuliko vile wangeifurahia ya kwanza.